Mnaojaza gemu "simu zote" hapa Mwanza, acheni kula hela za watu bure

Wakuu, vibanda vya kujaza gemu kuanzia Makoroboi mpaka Igoma bango ni lile lile: TUNAWEKA GEMU SIMU ZOTE. Simu zote zipi? Mtu kashuka na meli kutoka Nansio, simu yake Android 4.4, mnamjazia memori kadi gemu zinazotaka Android 8, mnapokea hela, "ukifika nyumbani zitafunguka". Zitafungukaje?

Simu inaandika imeshindwa kusoma kifurushi (yaani faili la gemu), akirudi fundi anasingizia virusi na kufuta kila kitu mpaka picha. Virusi gani! Mipangilio, Kuhusu simu, toleo la Android. Sekunde 10 hazifiki.

Toleo likikubali bado kuna biti, yaani mfumo wa simu ni wa 32 au wa 64. Simu nyingi za RAM ya GB 1 mfumo wake ni biti 32, hata kama prosesa ni ya 64. Nakili apk (faili la kusakinishia gemu), badili .apk iwe .zip, fungua, ingia folda ya lib. Ukikuta arm64-v8a (ya biti 64) peke yake, simu ya biti 32 haiipokei ng'o; lazima iwemo armeabi-v7a (ya biti 32). Lib ikiwa haipo kabisa, mara nyingi biti si tatizo.

Kinachoudhi zaidi ni OBB, lile faili kubwa la data za gemu linaloenda pamoja na apk. Gemu inafunguka, nembo inatokea, halafu inadai kushusha GB 1 upya. Bando la nani? Ni kwa sababu faili mmeliacha kwenye Download, au mmelibadili jina "lipendeze". OBB inakaa Android/obb, ndani ya folda yenye jina la kifurushi cha gemu (lile la mtindo wa com.kitu.kitu), herufi kwa herufi. Na ile namba iliyo katikati ya jina la faili, baada ya "main", iwe ile inayotafutwa na apk hiyo. Nyie mnachukua apk mpya mnaipachika OBB ya zamani, mnashangaa. Tena OBB ikija imefungwa kwenye zip ya GB 1, inataka GB 1 nyingine ya kuifungulia. Simu ya GB 8, mfumo umeshakula sehemu kubwa.

Vitochi navyo: JAR (faili la gemu za Java) ya 240x320 kwenye kioo cha 128x160 inakatwa, menyu huioni. Kitochi chenye mfumo wa KaiOS ndiyo kabisa, JAR hakisomi, msiwadanganye wazee wa watu.

Mwenye kibanda aliyemo humu ajibu: kuna ugumu gani kuifungua gemu mbele ya mteja, ikacheza, ndipo upokee hela?