Maumivu ya kiungo cha taya: nini kilikusaidia bila upasuaji? Tupeane uzoefu

Wakuu, taya langu la kulia linalia "kak" kila nikipiga mwayo, na maumivu yanapanda hadi sikioni. Sikio limepimwa, ni zima. Daktari wa meno anasema ni kiungo cha taya, na upasuaji si wa kukimbilia. Mliopitia haya, kipi kiliwasaidia?

—

Pole sana mkuu. Mimi ni mwalimu, kuongea ndiyo kazi yangu. Nilianza na kitambaa cha maji ya moto: msuli wa shavu unalegea, chakula kinapita, kesho yake maumivu ni yale yale. Nafuu ya kweli niliipata kwa fiziotherapia. Mtaalamu alivaa glovu, akaukanda msuli wa kutafunia kwa ndani ya shavu, kisha akalivuta taya chini taratibu. Inauma hadi machozi! Halafu mazoezi mbele ya kioo: ncha ya ulimi unaigandisha kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, unafungua mdomo bila ulimi kubanduka wala kidevu kwenda upande. Zamani vidole viwili vilipita mdomoni kwa shida, sasa vinaingia vitatu. Mlio bado upo, ila hauumi, na aliniambia mlio usiouma hauhitaji tiba.

—

Mashine ya umeme mdogo ilinituliza kwa saa chache tu. Nikaacha.

—

Mimi nasaga meno usiku, mume wangu ndiye aliyekuwa akisikia. Plastiki ya kuvaa usiku, iliyotengenezwa kwa vipimo vya meno yangu, imeyalinda yasizidi kulika. Lakini maumivu ya mchana hayakupungua mpaka nilipoanza mazoezi na kuacha bigijii na miwa.

—

Nafanya kazi ya fiziotherapia. Mwongozo uliotolewa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya unasisitiza mazoezi yanayosimamiwa na tiba ya mikono, kuliko leza, umeme au plastiki ya usiku. Na usikubali mtu akuchonge meno ili "yakutane vizuri", hayarudi tena. Mleta mada, mdomo ukikwama usifunguke au usifunge, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Je, unalalia upande wa kulia?

—

Ndiyo, na mkono nauweka chini ya shavu.

—

Anza kwa kuuondoa huo mkono, mkuu. Na mchana, midomo ikiwa imefungwa, meno ya juu na ya chini yasigusane.