Naomba ushauri: nataka kuflashi redio ya mkononi TYT MD-UV390 ya mjomba asiyeona ili imsomee chaneli kwa sauti

Binti_Isevya
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini. Mjomba wangu ni mstaafu wa reli, na leseni ya redio ya ridhaa (ya mawasiliano binafsi, si ya biashara) ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, aliipata zamani, macho yakiwa bado mazima. Kisukari kikaja kikamchukua macho yote mawili.

Sasa rafiki yake kamwachia TYT MD-UV390. Redio nzuri, ila kila kitu kiko kwenye kioo. Akiwa peke yake anahesabu "tik" za swichi ya chaneli kwa kidole. Akikosea tik moja, anaita nusu saa kwenye chaneli isiyo na mtu, halafu ananipigia simu kazini: "Hebu pita unisomee hapa niko wapi."

Nimesoma kwamba fimwea (programu ya ndani ya redio) ya OpenGD77 inataja chaneli na menyu kwa sauti. Nimeipakua. Kebo ninayo, ya Baofeng UV-5R, pini mbili zimeingia bila shida. Laptopu inaonyesha COM3, yaani imeona kebo, lakini programu inasema haioni redio. Fundi mmoja hapa mjini anataka 80,000 aniwekee.

Kebo ina shida gani? Na nikikosea, redio inakufa kabisa? Mzee hana nyingine.

Waya_Mrefu
Mkuu, kebo siyo. Hapo wengi tumeangukia. Pini zinafanana, lakini kebo ya UV-5R ina chipu ndani ya kile kichwa kinene cha USB, ndiyo inayokuletea COM3. Hata usipochomeka redio itatokea tu, jaribu uone. MD-UV390 ina USB yake humo humo ndani ya prosesa, kwa hiyo kebo yake ni waya mtupu, haina chipu. Agiza iliyoandikwa MD-380 au MD-UV380, ni hiyo hiyo.

Kapasita
Na 80,000 usitoe hata mia. OpenGD77 ni ya bure, na leseni yake inakataza matumizi ya biashara. Huyo fundi anauza kitu kisicho chake.

Mzee_wa_Busara
Mimi sipendi haya mambo. Mkishaflashi hizi redio koli za Kichina zinarusha popote, kesho mnasikika kwenye masafa ya polisi. Mwacheni mzee na redio yake ya kiwandani.

Waya_Mrefu
Mzee wangu, shikamoo. Nakubali watu wanaharibu, ila kwenye fimwea hii kuna mpangilio wa mipaka ya bendi. Ukiupanga kwa mipaka ya hapa kwetu, hairushi nje ya bendi za ridhaa. Sisi tuko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, bendi yetu ya mita 2 ni kati ya 144 na 146 MHz. Binti aupange hivyo, aendelee. Halafu huyu mzee ana leseni, wengi wanaolalamika humu hawana.

Kibirizi_Boy
Samahani kuingilia uzi. Mimi niko Kigoma, nina mitumbwi ya dagaa. Hii kitu naweza kuwawekea vijana wangu ziwani tuongee?

Kapasita
Hapana ndugu. Redio ya ridhaa si ya kazi, na dagaa ni kazi. Tafuta redio ya majini yenye chaneli ya 16, yaani 156.8 MHz, na leseni yake. Mtumbwi ukizima injini usiku, dua ya fimwea haitakusaidia.

Waya_Mrefu
Turudi kwa Binti. Kuhusu kufa: ile programu ndogo inayopokea fimwea mpya imekaa sehemu yake, haifutwi. Umeme ukikatika katikati unaanza upya, basi. Utaratibu: soma kwanza chaneli za sasa kwa programu ya kiwandani uzihifadhi, kwa sababu faili lile OpenGD77 haiwezi kulitumia, utaandika chaneli upya. Kisha zima redio, bana PTT (kitufe cha kuongea) pamoja na kitufe kilicho juu yake, washa. Kioo kitakuwa cheusi, taa itabadilishana nyekundu na kijani. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Programu ya OpenGD77 ya kwenye laptopu itakuomba pia faili la fimwea ya kiwandani. Usiliruke. Sauti ya DMR (mfumo wa redio wa dijitali) inabanwa kwa kodeki ya AMBE, ambayo ni mali ya kampuni ya Marekani, DVSI. Watengenezaji wa OpenGD77 hawaruhusiwi kuigawa, kwa hiyo inachomolewa kutoka kwenye faili la kiwandani unalopakua mwenyewe.

Binti_Isevya
Asante sana. By the way mimi ni dada, si mkuu 😀 Kebo nimeagiza Dar, inakuja na basi.

Binti_Isevya
MREJESHO: Kebo imefika Alhamisi. Taa nyekundu na kijani nimeziona, nikapata jasho la mikono, ikaingia mara ya kwanza. FM inafanya kazi. Lakini haisemi kitu! Nazungusha chaneli, kimya. Mjomba kauliza, "Mmemkata ulimi?"

Waya_Mrefu
Hongera dada. Sauti ni faili jingine, linaishia na .vpr, unalipakia kwa programu ile ile ya OpenGD77 ya kuandikia chaneli. Nalo limebanwa kwa AMBE, ndiyo maana nilikwambia usiruke faili la kiwandani. Ukishapakia, ingia kwenye menyu ya sauti uchague ngazi ya tatu. Hiyo inajisomea yenyewe.

Ng'ambo_82
Niongeze kitu kutoka kwa mtu aliyemwekea baba yake: jina la chaneli haisomi kama neno, inataja herufi moja moja. Mimi niliandika "TABORA MJINI FM". Mzee alisubiri kama anasikiliza orodha ya mtihani, akanirudishia redio. Andika herufi mbili au tatu tu, na herufi ya kwanza itofautiane kwa kila chaneli, ili akisikia moja ajue aendelee au asimame.

Binti_Isevya
Inaongea jamani!! Jana umeme ulikatika saa mbili usiku, mimi natafuta tochi ya simu, nasikia gizani redio inataja chaneli, tik, inataja, tik, inataja. Mzee amekaa kwenye kiti chake, kidole juu ya swichi, hana habari na giza langu. Nimempa T, M, K na R. R ni ya yule rafiki aliyempa redio.

Lalamiko lake ni moja: anasema huyo mama wa ndani ya redio anaongea haraka, na Kiingereza chake si kile alichofundishwa yeye.

Ng'ambo_82
Atamzoea. Baba yangu sasa anamjibu.