MJADALA: Kiwango cha ukosefu wa ajira kila mwezi, Dar tunakiweza?

Mleta mada: Wadau, mfumuko wa bei NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wanautoa kila mwezi. Ajira je? Utafiti wa nguvukazi (wenye kazi na wanaotafuta kazi) ulifanyika 2014, ukafuata wa 2020/21. Marekani hutoa kiwango chao kila mwezi, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza. Kwa nini nasi tusianze, hata kwa Dar peke yake?

Sampuli Kubwa: Mkuu, wale wanahoji kaya kama 60,000 kila mwezi. Piga hesabu. Ukihoji watu 1,000 wa nguvukazi ya Dar na kiwango halisi ni asilimia 10, jibu linaweza kupotoka karibu pointi 2 juu au chini. Hapo ni uchaguzi wa nasibu tupu. Ukichagua mitaa kwanza, kisha kaya ndani ya mtaa ili kuokoa nauli za wadadisi, majirani hufanana na kosa linaweza kupita 2.5. Kiwango kikitoka 10 kwenda 10.5, magazeti yataandika ajira zimepotea, kumbe ni sampuli tu. Kosa lishuke hadi nusu pointi? Tafuta watu kama 28,000. Kila mwezi!

Mleta mada: Si lazima wawe wapya. Kwao kaya huhojiwa miezi 4, hupumzishwa 8, hurudi 4. Hapo mabadiliko yanapimika vizuri zaidi.

Mdadisi Mstaafu: Wanafuata anwani, ndugu yangu, hawafuati mtu. Tandale kodi ya miezi 6 ikiisha mpangaji kahamia Mbagala, chumba kilekile kina mtu mwingine. Ila kubwa zaidi ni swali lenyewe. Muulize mama lishe "Una kazi?" atakwambia "Sina, nahangaika tu." Kwa hiyo unauliza: "Katika siku 7 zilizopita ulifanya shughuli yoyote ya kujipatia kipato, japo kwa saa moja?" Halafu unataja mifano: kuuza maji, kusuka, kubeba mizigo. Mdadisi aliyechoka huruka mifano, na ukosefu wa ajira "unapanda" kwenye eneo lake. Au mama anamjibia kijana wake, "Huyo yupo tu," wakati kijana yuko Kariakoo anashusha mzigo.

Kwa kigezo hicho cha saa moja, bodaboda aliyeshinda kijiweni akapata abiria wawili ana ajira. Mtu kama huyo hana fidia ya kukosa kazi ya kumweka nyumbani, ndiyo maana kiwango kinabaki chini hata hali ikiwa ngumu. Ulizeni saa alizofanya, na kama alitaka zaidi.

Mhasibu wa Posta: Za kila mwezi mbona zipo? PAYE (kodi ya mshahara anayoikata mwajiri) hulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ina orodha ya majina. Hesabu vichwa, ondoa wanaojirudia. Tahadhari: mwajiri aliyechelewesha mchango hajafukuza watu, kwa hiyo subiri walau miezi miwili.

Sampuli Kubwa: Sawa, lakini hiyo iitwe ajira rasmi zenye michango. Machinga hayumo. Dodoso la saa lije kila robo mwaka.

Mleta mada: Robo mwaka ni mbali. Machinga walipoondolewa barabarani 2021, maumivu yalionekana ndani ya wiki.

Mdadisi Mstaafu: Hata takwimu ya mwezi isingeyaona. Aliyehamishiwa sokoni akakaa siku nzima bila wateja bado anahesabiwa ana ajira. Hapo labda uulize mauzo, na mauzo hakuna anayekutajia ukweli akiona fomu yenye nembo ya serikali.