Mrejesho: homa iliyorudi wiki ya 4 baada ya korona

Shukran nyote mlionijibu. Swali lilikuwa: mtu mzima, hapa Mombasa, amepona korona, wiki ya 4 homa imerudi 39.2, anaharisha, macho mekundu, malaria hakuna. Je, ni taifodi?

Siyo. Ni MIS-A, mchochota wa viungo vingi unaozuka wiki 2 hadi 12 baada ya korona. Mara nyingi mapafu hayaathiriki sana, ndiyo maana hupotea machoni. PCR (kipimo cha virusi) hasi haiufuti: virusi vishaondoka, kinga ndiyo inayoushambulia mwili. Pimeni kingamwili, mkikumbuka kuwa za spaiki (protini ya juu ya kirusi) huletwa hata na chanjo.

Macho yatazameni vizuri. Vuta kope la chini: wekundu pande zote mbili, bila tongotongo. Ukiongeza harara, hicho ni kigezo kikuu cha MIS-A. Kingine ni moyo: troponini (dalili kwenye damu kwamba moyo umeumia) imepanda, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inaonyesha moyo unasukuma nje chini ya 50% ya damu yake kwa kila pigo. Hapo dripu ya lita 2 kwa pupa hujaza mapafu maji. Mililita 250, sikiliza kifua, ndipo uongeze.

Dengi, mgeni wetu wa kila mara, nayo hushusha pleteleti (chembe za kugandisha damu) na kupandisha ferritini (protini ya damu inayopanda kwenye mchochota), kwa hiyo NS1, kipimo cha dengi, ilipimwa kwanza. CRP (kipimo cha mchochota) ya dengi lakini kwa kawaida haipai kama ya MIS-A.

Damu ilichukuliwa ya kuotesha bakteria, antibayotiki zikaanza, kisha methiliprednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza mchochota. Homa imeshuka, eko inarudiwa kabla ya kuruhusiwa.