Blenda ya 120V kutoka Marekani: nikiichomeka hapa Lamu itaungua?

muuza_ukwaju
Assalaam alaykum jamaani. Mie nauza juisi hapa Langoni, ukwaju na embe. Shemeji yangu aliyeko Marekani kaniletea blenda, jagi la kioo zito kama jiwe. Chini pameandikwa 120V 60Hz 1000W, plagi ina pini mbili bapa. Duka moja wataka kuniuzia adapta ya shilingi 150, na muuzaji aapa kuwa yatosha. Mke wangu asema nisiguse kitu mpaka niulize. Na embe ndizo hizi, zaiva.

kanzu_nyeupe
Msikilize mkeo. Yangu ilikuwa pasi. Dakika moja tu, kola ikaondoka nayo.

fundi_wa_malindi
Waalaykum salaam. Adapta hiyo yageuza umbo la pini tu, stima inayopita ni ileile yetu, 240. Volti zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne: pasi ya wati 1000 yavuta kama 4000. Pole kwa kola. Blenda nayo itazunguka kama imepandwa na jini, halafu utasikia harufu ya koili.

Mie nafunga nyaya Malindi, nyumba nyingi ni za Wataliano. Vyombo vyao havina taabu, kwao ni 230 na 50Hz. Nabadilisha plagi, nalipwa, naenda zangu. Mmarekani ndiye mwenye mambo. Nyumbani kwake huingia 240 vilevile, lakini transfoma imegawanywa katikati: nyaya mbili za moto, kila moja 120 ukipima na nyutro, ule waya wa kurudishia stima. Blenda hupewa 120, jiko na kikausha nguo hupewa zote mbili. Na volti ndogo hutaka ampea nyingi, ampea nyingi hupotea njiani kwenye waya, ndiyo maana kule transfoma ni vidude kama debe juu ya nguzo, kimoja kwa nyumba chache. Yetu ni ya fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, 415 fezi kwa fezi, 240 fezi kwa nyutro, na moja yalisha mtaa.

Tafuta transfoma ya kushusha volti, wati 1500 kwenda juu, maana mota ikianza huvuta sana.

muuza_ukwaju
Na hiyo 60Hz?

fundi_wa_malindi
Hz ni mara ngapi stima yaenda na kurudi kwa sekunde. Transfoma haiigusi, itabaki 50. Lakini blenda ni mota ya makaa, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka stima kwenye sehemu inayozunguka, haijali. Chungulia kwenye matundu ya hewa ikiwa yazunguka, utaona cheche za samawati. Zinazojali ni feni na friji. Bi mmoja alirudi na feni kutoka Jeddah, kule ni 60Hz. Hapa ikapungua mwendo, kama sehemu moja kwa sita, na ukigusa kitovuni yachoma.

muuza_ukwaju
Nimeuliza bei ya hiyo transfoma. Yashinda blenda mbili za hapa. Mke wangu acheka mpaka sasa. Mwenye ndugu anayekwenda Marekani anijulishe, naiuza na jagi lake.