Nyangumi wa kipupwe: nitokee Tanga mjini, Pangani, au niende mbali zaidi?

Mwalimu wa Chumbageni

Ndugu zangu wa pwani, salaam. Nataka likizo fupi ya Septemba niwapeleke watoto wakaone nyangumi. Nina wawili, mmoja darasa la tatu na mwingine la sita, yupo mama yao, na mama mkwe naye ameshasema habaki nyumbani. Ni aibu kwetu watu wa Tanga kuwaonyesha watoto nyangumi kwenye simu wakati wanapita mbele ya mlango wetu kila mwaka.

Nimeulizia huku na huku, naona njia hizi: kukodi boti ya faiba hapa mjini, tutokee Raskazone mpaka nje ya visiwa, kwenda Pangani, tulale Ushongo na kutoka na mashua ya mashine kuelekea fungu la Maziwe, au kuvuka Horohoro twende Watamu, Kenya, ambako nasikia wamejipanga vizuri. Mwenzangu kazini ananishauri Mafia, eti huko nyangumi unaogelea naye kabisa. Mwingine kataja Mtwara.

Fedha ni ya mshahara, kwa hiyo sitaki kuitumia mahali ambapo nitarudi na watoto wametapika tu na hawajaona kitu. Mliowahi kwenda, nisaidieni kulinganisha.

BintiUshongo

Mwalimu, njoo Pangani. Najua mimi ni mtu wa huku na nitaonekana napigia debe kwetu, lakini sababu zangu ni hizi.

Nyangumi hana miadi na mtu. Unaweza kutoka siku nzuri kabisa usimwone. Ukitokea mjini, siku hiyo imekwisha, umechoma mafuta na umerudi. Ukitokea Ushongo, Maziwe iko kama kilomita 8 tu kutoka ufukweni, ina mchanga mweupe na matumbawe yake, na watoto wataogelea na kuona samaki wa kila rangi. Eneo lile linahifadhiwa tangu 1975. Wazee wetu walikikuta ni kisiwa chenye miti na kasa wakitaga. Leo limebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa sana linazama lote. Hiyo peke yake ni somo kwa watoto wako.

Ila uchague siku kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, hapo fungu liko wazi na kubwa. Mnaondoka alfajiri, mnawatafuta nyangumi upande wa nje wakati upepo bado umelala, halafu mnarudi fungu likiwa limetoka.

Mwaka jana tulizima mashine tukakaa kimya, mama na mtoto wakaibuka upande wa juu wa upepo. Jambo ambalo sikuwa nimelitarajia ni pumzi. Inatoka kwa kishindo, mvuke unapanda juu, na dakika moja baadaye harufu inakufikia, harufu nzito ya samaki waliochacha. Mtoto alikuwa anapumua mara nyingi kuliko mama, pumzi fupifupi, amemganda ubavuni. Mtoto wa kaka yangu alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili na hakusema neno mpaka walipozama.

Nahodha wa Kigombe

Mwalimu, walaikum salaam, na mama mkwe mfikishie shikamoo yangu.

Mnabishania mahali pa kutokea, lakini kwa familia yenye watoto jambo la kwanza ni upepo. Nyangumi wanakuja na kusi. Wa kwanza huonekana Julai, na Julai hiyohiyo kusi ndilo lina nguvu, na mvua za mchoo zinapita. Bahari ya nje ya mwamba inapanda kuanzia saa nne, saa tano asubuhi, na ukirudi mchana unapigwa maji mpaka nyumbani. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa darasa la tatu ataichukia bahari maisha yake yote.

Wewe umesema Septemba, umepatia. Demani ikishaingia, kusi linalegea, asubuhi unapata bahari ya kukaa vizuri. Tena Septemba na Oktoba ndipo akina mama wenye watoto wanapoonekana zaidi, maana wao huwa wa mwisho kuanza safari ya kurudi kusini. Wanangoja mtoto apate nguvu. Hata hivyo, jioni ya kuamkia safari usiache kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita mbili, hakuna safari, hata kama umeshalipa. Muulize nahodha mapema: tukiahirisha kwa hali ya hewa, fedha yangu inakuwaje? Anayejibu kwa kuzungukazunguka, muache.

Kabla ya kutoa senti, nenda ukaione boti kwa macho yako. Ukitoka nje ya mwamba na familia, mashine ziwe mbili, au moja kubwa na nyingine ndogo ya akiba. Jaketi za kuokolea ziwepo za saizi ya watoto, na uwavalishe palepale ufukweni uone kama zinafunga. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto linampanda kichwani na yeye anateleza chini. Uliza cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Pawe na kivuli, mama mkwe hawezi kukaa na jua saa tano.

Na muulize nahodha atafanyaje akimwona nyangumi. Nahodha mzuri atakwambia anakwenda naye ubavu kwa ubavu, kwa mbali, polepole. Hamkati njia mbele wala hamfukuzi kwa nyuma. Kwenye nchi nyingi zenye utalii huu umbali unaofuatwa ni mita 100, na mama mwenye mtoto anaachiwa nafasi zaidi. Ukifika hapo mashine inawekwa huru, mnangoja. Akipenda kuwasogelea, atasogea mwenyewe. Akizama, usikimbilie pale alipozamia, hayupo tena pale. Kaa kama robo saa ukitazama pande zote.

Anayekuahidi kwamba "nitakufikisha mpaka umguse", huyo usipande chombo chake.

Mkazi wa Raskazone

Nahodha amesema yote ya upepo. Mimi nitautetea mji, maana watu wanaudharau bure.

Ukitokea Tanga, ukavipita Yambe na Karange na ule mwamba wa nje, sakafu ya bahari inaporomoka na unaingia Mkondo wa Pemba, ambao kina chake katikati kinakwenda mamia ya mita. Silikanti, wale samaki wa kale wa kina kirefu, wanavuliwa kwenye miporomoko hiyohiyo, na ndiyo sababu tukapata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Nyangumi wanapita hapo, na pomboo utawaona karibu kila safari. Kwa mtu anayetaka kukaa na bahari nzito, pale ndipo penyewe.

Na kuna la kusikia, ambalo watu wa Maziwe hawalitaji. Madume huimba msimu huu. Ukiwa kwenye dau la mbao, mashine imezimwa, laza sikio kwenye mbao za chini. Siku nyingine unasikia mlio mrefu unaopanda na kushuka, unakatika, unaanza tena. Wavuvi wa usiku wanaujua vizuri. Zamani, enzi za uvuvi wa mabomu, ulichosikia chini ya maji ni milipuko. Nafurahi sana kwamba siku hizi kuna utulivu wa kusikiliza.

Lakini kweli ni kwamba mafuta yanakula fedha. Boti inakwenda mbali kabla ya kuanza kutafuta, na bei yako itategemea hapo. Kwa familia ya watu watano peke yao ni nzito. Mkipatikana watu wanane au kumi mkachangia, inalipa. Na ukipita ndani ya hifadhi kuna ada yake. Uliza imo kwenye bei au la, na uombe upewe namba ya malipo ya serikali. Usimkabidhi mtu fedha mkononi.

Mama wa Makorora

Mimi nilikwenda Watamu na wenzangu wa kikundi. Nasema kweli, kwa mpangilio wametupita. Pale Watamu kina kirefu kiko karibu na ufukwe, boti haichukui muda mrefu kufika. Wana chama cha watu wa bahari wanaoandika kila nyangumi anayeonekana, na nahodha wetu alikuwa anapiga picha za mikia na kutueleza. Nilijifunza kwamba upande wa chini wa mkia wa kila nyangumi una mabaka yake, hakuna wawili wanaofanana, na kwa picha hizo wanamjua aliyeonekana mwaka mwingine mahali pengine.

Lakini mwalimu, hesabu vizuri. Kila mtu awe na pasi au hati ya kusafiria, watoto nao. Kuna mpaka, kuna Mombasa ya kupita, kuna kulala. Na bei zao nyingi zimelenga wageni wa hotelini. Tulichotumia watu wanne kingetosha familia nzima kwenda Pangani na kulala siku mbili. Kama huna pasi tayari, Septemba hii usijisumbue.

Samaki si Nyangumi

Naomba niingilie hapo kwenye Mafia, maana hii inawapotezea watu fedha kila mwaka.

Anayeogelewa naye Mafia ni papa potwe. Ni samaki, mkubwa kuliko samaki wote, anapumua kwa mashavu, na mkia wake umesimama wima. Nyangumi ni mnyama, anazaa, ananyonyesha, anapanda juu kuvuta hewa, na mkia wake umelala. Msimu wa potwe pale Kilindoni unaanza Oktoba hadi kama Machi. Ukienda mapema Septemba kumtafuta utakaa ufukweni unatazama maji. Nendeni Mafia, ni pazuri mno, lakini kwa msimu wake.

Hawa wa kwetu wa kipupwe ni nyangumi wa nundu. Wanashinda kiangazi cha kusini wakila kule bahari ya baridi ya Antaktika, halafu wanapanda kuja kwenye maji ya vuguvugu kuzaa na kupandana. Mkubwa anafika mita 15, na kikono chake peke yake ni kama theluthi ya urefu huo. Mama anabeba mimba karibu mwaka mzima, na akiwa huku hali karibu chochote, ananyonyesha kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini. Kwa hiyo boti inayomfukuza inamchomea akiba ambayo haina pa kujaziwa mpaka arudi kusini.

Watoto wa darasa la sita waelezwe na hili: karne ya 20 nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 waliuawa upande wa kusini wa dunia. Kuwavua huku kulipigwa marufuku mwaka 1963, na mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa mahali pa salama kwa nyangumi wote. Tunaowaona leo ni uzao wa wachache walioponea.

Kuhusu Mtwara: Msimbati, ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi, ni mahali pa uhakika kwelikweli, kina kirefu kiko hatua chache kutoka ufukweni. Lakini kutoka Tanga ni Dar kwanza, kilomita 350 hivi, halafu nyingine zaidi ya 550. Kwa likizo fupi na watoto, hapana.

Kijana wa Ngamiani

Wakuu, vipi kuruka majini nao? Na nikija na droni yangu?

Nahodha wa Kigombe

Mwanangu, kuruka hapana. Mnyama wa tani 30 akigeuka tu bila ubaya wowote, wewe umekwisha. Droni iwe na kibali, na usiishushe juu ya mama na mtoto. Ukitaka kusaidia, piga picha ya mkia kwa chini anapozama, uitume Happywhale, tovuti ya picha za nyangumi, wanalinganisha na za nchi nyingine.

Na jambo moja kwa wote: mkimkuta nyangumi amenasa kwenye wavu wa jarife, msijaribu kukata wenyewe. Kaeni mbali, andikeni mahali mlipo, pigeni simu kwa watu wa hifadhi.

Mwalimu wa Chumbageni

Nawashukuru sana, nahodha shikamoo. Mafia na Mtwara nimezifuta, Watamu nitaipanga mwaka ambao watoto watakuwa na pasi. Mke wangu anapenda hiyo habari ya kusikiliza wimbo kwenye mbao, kwa hiyo Mkondo wa Pemba tutaufanya sisi wawili na walimu wenzangu, tuchangie. Familia itakwenda Pangani, siku za bamvua za Septemba.

Swali la mwisho: mama mkwe bahari humlevya. Nimwache ufukweni?

BintiUshongo

Usimwache, atakulaumu mpaka Idi. Akae katikati ya mashua upande wa tezi, asikae omo ambako inarukaruka. Usiku ule chakula chepesi, asubuhi asile maandazi wala chochote cha mafuta. Chai ya tangawizi na kipande cha mkate vinatosha. Kama anatumia dawa za presha, amuulize daktari kabla ya kumeza vidonge vya safari. Macho yake yatazame mbali, asiinamie simu. Na mbebeeni sweta, alfajiri ya kipupwe juu ya maji ina baridi kuliko mnavyodhani.

Mlale Ushongo usiku wa kuamkia safari. Mkisema mtatoka Tanga asubuhi hiyohiyo, ni kilomita hamsini na kidogo mpaka Pangani, bado kuvuka mto, bado barabara ya kuja huku. Mtafika upepo umeshaamka.