Naomba ushauri: pankeki za mtindi zinanyauka nikizitoa tu

Asalam aleikum jamani, naombeni ushauri. Sisi hapa Lamu asubuhi ni mahamri na mbaazi ama vibibi, lakini watoto wa dada yangu wamekuja likizo kutoka Nairobi na wanataka zile pankeki nene laini za mtindi, nikiwapa chapati za maji wananiangalia tu. Natia unga wa ngano vikombe viwili, mtindi kikombe na nusu, mayai mawili, sukari, mafuta kidogo, beking pauda vijiko viwili vya chai na iliki (iliki siachi hata mkisema haiingii). Zikiwa kwa frampeni zinapanda vizuri, nikizitoa zinanyauka, katikati mbichi na chini zishaungua.

Jirani ananambia nitie beking soda nusu kijiko cha chai, eti mtindi una ukali na vikikutana ndio povu linatoka. Hiyo nimeelewa, ila sasa beking pauda naipunguza ama inabaki vile vile? Na yogati ya dukani ile ya vanila inafaa ama sukari yake itazidi kuzibabua?

Mwengine asema nisikoroge sana, vidonge vidonge viachwe, mimi mkono umezoea kukoroga vibibi mpaka uji ulainike kabisa kwa hivyo naona kama uvivu lakini haya nitajaribu. Halafu napikia jiko la makaa, moto mdogo wa kutulia mnaupataje, na mnafunika ama mnaacha wazi? Nitajieni vipimo kwa vikombe tafadhali, mizani sina.